Stoo Isiyo na Kitasa

Mume wangu ni fundi wa vitasa na kufuli hapa Gyumri,
na mganga hajigangi:
mlango wa stoo yetu haufungiki.
Umevimba kwa unyevu, komeo liling'oka mwaka juzi,
anaubana kwa kipande cha boksi kilichokunjwa mara nne.
Humo, katikati ya chupa za aprikoti na gunia la viazi,
Varazdat hupiga magoti saa kumi na moja alfajiri
akidhani nimelala.

Sijalala.
Miaka thelathini na mmoja nasikia goti la kulia likilia
kama bawaba kavu,
kisha la kushoto.
Kisha kimya.
Kisha ile sala tuliyofundishwa sote tukiwa wadogo,
ambayo huikimbiza upesi upesi hadi afike penye "yako",
na hapo hukwama.
Yako, anarudia. Yako, si yangu.
Kama mtu anayejaribu ufunguo mgeni gizani,
anaugeuza, anaupuliza vumbi, anajaribu tena.

Najua anachokabidhi.
Ni nyumba ya baba yake, ile ya mawe meusi,
iliyobaki imesimama siku ardhi ilipotikisika tukazika nusu ya jamaa,
na ambayo Mushegh, mdogo wake, aliiuza kwa siku moja
bila hata kumpigia simu.
Kila alfajiri anaitua chini nyumba hiyo, na ndugu yake ndani.
Anatoka stooni mwepesi, anakunywa chai, ananitania.
Ikifika saa nne ameshaibeba tena.
Najua kwa namna anavyochonga funguo:
mashine inalia kuliko kazi inavyotaka.

Nilimwuliza Mungu
(nami nina pahali pangu, ni penye sinki,
maji nikiyaacha yatiririke nisisikike),
nikamwuliza: utapokea kitu kile kile mara ngapi?
Hakunijibu. Sahani zilikuwa nyingi.

Februari, baridi ya kupasua mabomba,
akaja dukani kijana mwenye koti jipya.
Amenunua nyumba, anataka vitasa vyote vibadilishwe.
Akataja mtaa. Akataja namba.
Nilikuwepo, nimepeleka supu.
Nikauona mkono wa mume wangu ukipanda ukutani
kwenye msumari wenye ufunguo mmoja mrefu wa chuma,
ukaugusa, ukashuka mtupu.
Akasema, nitakuja kesho.

Alfajiri ile alikaa stooni hata nikaogopa.
Hakufika penye "yako". Hakuanza hata na "Baba".
Nilisikia tu boksi likisugua mlango,
na pumzi.

Nikamfuata kwa mbali, Mungu anisamehe.
Alipiga magoti mbele ya mlango wa baba yake,
kwa kuwa kitasa kiko chini na ndivyo kazi inavyofanywa,
theluji ikimlowesha suruali,
goti la kulia, kisha la kushoto.
Akafungua skrubu moja baada ya nyingine.
Akakitoa cha zamani, akakaa nacho kiganjani kidogo.
Akatia kipya, akakijaribu mara tatu,
akampa kijana funguo zote. Zote,
hata ile ya tatu ambayo angeitia mfukoni
na nani angejua.

Usidhani iliishia pale.
Jioni alikula bila neno.
Jina la Mushegh lingali mfupa kooni,
na ule ufunguo mrefu bado uko msumarini,
haufungui chochote duniani.
Wengine kabla ya Pasaka hufunga nyama na maziwa.
Yeye kinachomshinda ni kufungua:
kidole kimoja, cha pili,
ngumi yote, na kesho yake tena ngumi.

Leo, saa kumi na moja.
Goti la kulia. La kushoto.
Anaikimbiza sala upesi upesi,
nami chini ya blanketi, mkono nimeukaza
juu ya jambo langu nisilolitaja hata penye sinki,
namsubiri afike pale anapokwama.

Naanza na kidole gumba.